Ekstensheni Inayoongozwa kwa Simu na Mipaka Yake

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa ekstensheni inayoongozwa kwa simu kupitia intaneti huwezesha kila tundu kuwashwa au kuzimwa, hata mwenye nyumba akiwa safarini. Hata hivyo, jambo hilo haliongezi uwezo wa waya. Fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hubeba takriban wati 3,000 kwa matundu yote kwa pamoja. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 huvuka kiwango hicho, na waya huweza kushika moto.

Aidha, umeme unaporudi baada ya kukatika, baadhi ya ekstensheni hizo hujiwasha zenyewe. Hivyo basi, jiko au pasi visiachwe vimechomekwa pasipo mtu nyumbani.