Hitilafu ya Mara Moja

Ndani ya mita ya umeme ya LUKU, mashine ya kufulia na breki za gari la kisasa mna kompyuta ndogo inayofanya kazi bila kuonekana. Programu ya simu ikikwama, mtumiaji huiona. Ya kifaa kama hiki ikikwama, mara nyingi kifaa hujiwasha upya na kuendelea, nayo hitilafu hutoweka bila kuacha alama. Kwa hiyo kazi ngumu ya mjaribu wa programu hizi ni kutambua kwamba programu imeshindwa.

Mfano ni chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha, ikikatiza kazi za siku. Kazi ya kukusanya takwimu za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli, yaani ruhusa ya kutumia kitu cha pamoja kwa zamu, ambayo kazi ya kipaumbele cha juu iliihitaji. Kazi ya mawasiliano, yenye kipaumbele cha kati, ikaingia na kuinyima ile ya chini nafasi ya kumaliza na kuachia kufuli. Kazi ya juu ikachelewa; mfumo ulipoona muda umepita, ukawasha kila kitu upya.

Wahandisi wa JPL, maabara iliyosimamia safari hiyo, waliendesha mfumo pacha uliobaki duniani, wakirekodi kila tukio hadi hitilafu ilipojirudia. Rekodi ikafichua mfuatano mzima. Marekebisho waliyotuma yalikuwa madogo: anayeshika kufuli arithi kwa muda kipaumbele cha anayeisubiri.

Linalouma ni kwamba kujiwasha huko kulishaonekana kwenye majaribio kabla ya safari. Kwa kuwa kulitokea kwa nadra na hakukuweza kurudiwa kwa makusudi, kuliachwa bila maelezo.

Basi mjaribu aandike mapema jibu sahihi ni lipi na lifike ndani ya muda gani, maana jibu sahihi lililochelewa nalo ni kosa. Kifaa kitunze idadi ya mara kilizojiwasha na sababu zake. Kirekodi matukio yake tangu jaribio la kwanza, na kibebeshwe mzigo unaozidi ule wa kawaida. Na jaribio lolote ambamo kifaa kimejiwasha upya bila sababu kujulikana lihesabiwe kuwa limefeli, hata kama matokeo yake ya mwisho ni sahihi.