Kusamehe Urithi Kabla ya Mauti



Baadhi yenu mna wake na mashamba bara, na huko huandikwa hati ambazo hapa kisiwani hazikuzoeleka. Tuseme mwanachama ana mke Miono, wilaya ya Bagamoyo. Wamechokana, wakaamua kukaa mbalimbali bila ya talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971, itumikayo Bara, huyakubali maafikiano ya namna hiyo. Karani akaongeza mstari mmoja, kuwa mke hatadai kitu katika urithi wa mumewe. Mke akatia dole gumba.

Mume akifariki, mstari ule wafaa nini?

Ikiwa marehemu aliishi Kiislamu, wanazuoni wengi husema haufai kitu. Haki ya mirathi huzaliwa kwa mauti, na mtu hasamehi asichokuwa nacho. Maadamu hakuachwa, huyo bado ni mke: hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Hata aliyepewa talaka rejea hurithi, mume akifa eda haijesha. Eda ikisha, hana tena urithi, hati iwepo isiwepo.

Lakini jihadharini. Minazi au mikorosho waliyoipanda pamoja si urithi, ni chumo lao wote wawili wangali hai. Aliyelisamehe hilo kwa sahihi yake atapata taabu kulirudia. Makarani huyachanganya mambo haya mawili katika karatasi moja, wala si kwa kusahau kila mara.

Atakaye kweli kuacha fungu lake na angoje. Baada ya mazishi, warithi waweza kupatana naye achukue kitu maalumu, aache kilichobaki.