Fahamu: Kifaa cha kumbukumbu ndani ya ubongo

Bibi wa Kiseke, Mwanza, akiuliza mara ya tatu kama wajukuu wamerudi shule, huenda tatizo liko kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya.

Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Wake Forest na Southern California, Marekani, walitangaza kwamba wameisaidia sehemu hiyo kwa umeme. Walioshiriki ni wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari na nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu. Kompyuta ilijifunza ishara za neva mgonjwa anapokumbuka vizuri, kisha ikazirudisha kwa mapigo madogo ya umeme. Uwezo wa kukumbuka picha ulipanda kwa takriban asilimia 35.

Inatia moyo, ila hayo ni majaribio. Kufungua fuvu kuna hatari ya damu kuvuja na maambukizi, na sioni sababu ya mtu mzima mwenye afya kujitia humo.

Usahaulifu wa uzee usichukuliwe kuwa uchawi: Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo. Bibi anayeanza kupotea njia ya nyumbani apelekwe hospitali, kwa mfano Bugando jijini Mwanza, apimwe presha, sukari na usikivu.