Je, Wajua? Kicheche Hafugwi Bila Kibali

Kicheche, mnyama mdogo mweusi mwenye michirizi minne myeupe mgongoni, ambaye akitishwa hurusha majimaji yenye harufu kali kutoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia, ni wa ukoo mmoja na fereti, mnyama aliyefugwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000 ili awafukuze sungura mashimoni. Hata hivyo, mkazi wa Bashay, wilayani Mbulu, Tanzania, anayemkuta mtoto wa kicheche shambani hana haki ya kumchukua na kumlea nyumbani, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inatamka katika kifungu cha 4 kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Kumkamata kunahitaji kibali. Tena, na hili linastahili kujulikana zaidi vijijini, nyara kwa tafsiri ya sheria hiyo si pembe, meno na ngozi tu, bali hata mnyama aliye hai, hivyo anayemfungia kicheche bandani bila kibali huhesabiwa kuwa anamiliki nyara za Serikali isivyo halali. Fereti mwenyewe hakuachwa: jimbo la California, Marekani, lilimpiga marufuku tangu 1933, na New Zealand, ambako alipelekwa katika karne ya 19 ili apunguze sungura lakini akawashambulia pia kiwi na ndege wengine wasioruka, ilikataza kumuuza na kumzalisha mwaka 2002.