Hesabu Mito Kabla ya Kilomita

Anayepanga safari yake ya kwanza ya baiskeli Murang'a huangalia namba moja tu: kilomita. Akiona 50 hutabasamu, kwani 50 za lami ya Thika Road huzimaliza kabla ya chai ya saa nne. Saa nane mchana unamkuta kilomita ya 30, ameshuka, anasukuma, na watoto wanaotoka shule wanampita kwa miguu.

Lawama ni za umbo la nchi. Milima ya Aberdare, yenye kilele cha mita 4,001, hunasa mvua upande wa mashariki, na maji yake huteremka katika mito mingi inayokwenda karibu sambamba hadi kuingia mto Tana: Chania, Thika, Maragua, Mathioya, Gura na vijito visivyohesabika katikati yake. Mwamba wa huko ni wa volkano, na juu yake umelala udongo mwekundu wenye kina kirefu. Mito imeuchimba kwa karne nyingi ikaacha migongo mirefu, myembamba, iliyopangana. Mwenye baiskeli ana njia mbili: kuufuata mgongo au kuukata.

Chukua mfano. Ukiufuata mgongo kilomita 25 kutoka ukanda wa kahawa hadi ukanda wa chai, ukapanda mita 800, mwinuko wako wa wastani ni asilimia 3 na kidogo. Utatoa jasho, lakini utaendelea kuzungumza na mwenzako. Sasa geuka ukate migongo kwa kilomita 10 tu, uvuke mabonde manne, kila moja lenye kina cha mita 120. Unaanzia na kumalizia kwenye kimo kilekile, kwa hiyo ukitazama mwanzo na mwisho tu utadhani ni tambarare. Ukweli ni kwamba umepanda mita 480, zote kwa mwinuko wa karibu asilimia 10, na kila ulichopanda umekirudisha mtoni.

Ndiyo maana sipangi njia kwa simu peke yake. Programu nyingi za ramani hutumia vipimo vya kimo vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani, hasa vile vya mwaka 2000, ambavyo huigawa nchi katika miraba ya mita 30 au 90 kila upande. Bonde jembamba huwa linapigwa pasi humo. Isitoshe, pale palipojaa mikaratusi kandokando ya mto, rada hugonga matawi badala ya ardhi, na sakafu ya bonde huonekana iko juu kuliko ilivyo. Ramani za zamani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, zenye mistari ya kimo kila mita 20, bado ni bora. Unahesabu mistari kwa kidole hadi kwenye maji.

Usipokuwa na ramani, uliza wenyeji, ila uliza vizuri. "Ni mbali?" itakupa "ni hapo tu", jibu la adabu lisilo na kipimo. Sema, "Habari ya asubuhi, mzee. Nikienda Kiriaini na njia hii, nitavuka mito mingapi?" Hapo mzee atasimama, atahesabu kwa vidole, na pengine atakuongezea ule ambao daraja lake limechukuliwa na maji.

Baiskeli yenyewe ifuate hesabu hiyo. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na baiskeli wenye kilo 85 pamoja, akitoa wati 200, ambazo mwendeshaji aliyejizoeza anaweza kuzihimili, atakwenda kama kilomita saba na nusu kwa saa. Akiwa na meno 40 mbele na 42 nyuma, miguu yake itazunguka mara 60 hivi kwa dakika, mwendo ambao magoti yanauvumilia. Baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia, ambayo gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali, ingemlazimisha kukanyaga chini ya mara 30 kwa dakika, kila mara kwa uzito wake wote. Wauza maziwa wanaoshuka na kusukuma wanaijua hesabu hii bila karatasi.

Kushuka nako kuna gharama. Kilo 85 zikiteremka mita 120 hutoa nishati ya kilojuli 100, na usipoiachia upepo, karibu yote huishia kwenye breki ikiwa joto. Linatosha kuchemsha kikombe kikubwa cha chai, kwa kila bonde. Basi usiburute breki kutoka juu hadi chini. Acha baiskeli ikimbie mahali panapoonekana, kisha funga kwa nguvu mapema, kabla ya kona. Kona ya mwisho karibu na daraja ndiyo ya kuogopwa: mvua imeshusha changarawe yote ikairundika hapo, kivuli kimeacha udongo ukiwa umelowa, na daraja lenyewe mara nyingi linapitisha gari moja tu.

Udongo huo ukikauka ni zulia, ukilowa ni sabuni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wengi huongeza upana wa tairi. Mimi hupunguza. Tairi ya milimita 45 iliyojaa fremu hukosa nafasi ya tope, na baada ya mita 200 gurudumu halizunguki tena. Ya milimita 38 huacha upenyo. Upepo nao usijazwe kupita kiasi: fundi wa stendi ya bodaboda atakupa pauni 60 kwa moyo mkunjufu, ilhali mtu wa kilo 75 kwenye tairi ya 40 anahitaji kama 35.

Barabara hizi zipo kwa sababu ya chai. Jani bichi halingoji. Likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku ileile, kwa hiyo kila mteremko una njia ya lori inayofika kwenye kituo cha kupimia majani. Kwa anayeanza, ningempeleka Ndakaini, kwenye bwawa linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lililo juu ya mita 2,000. Azunguke bwawa katikati ya mashamba ya chai, kisha ateremke na mgongo hadi Thika, zaidi ya mita 500 chini, pale mito ya Chania na Thika inapokutana. Mito ya kukata ni michache, na mvutano wa dunia uko upande wake.

Hesabu ya mito ina mahali inapokwama. Mbali na Murang'a, kati ya Iten na Kabarnet, kuna mto mmoja tu wa maana, Kerio. Lakini Iten iko mita 2,400, sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake, na Kabarnet imekaa juu ya vilima vya Tugen upande wa pili. Mto mmoja huo unakula siku nzima. Kule barabara kuu ni lami. Njia za vumbi ziko chini, zikifuata bonde kaskazini na kusini kwenye joto, mchanga na miiba ya migunga. Kwa safari ya huko bondeni toa tubu, weka maji ya kuziba pancha ndani ya tairi, beba lita tatu za kunywa, na uwe umeanza kupanda kurudi Iten kabla ya saa tatu asubuhi.