Je, Wajua? Chatu wa kufugwa huweza kumzidi mfugaji wake uzito

Chatu wa Burma huanguliwa akiwa na urefu wa takriban nusu mita. Baada ya miaka michache huvuka mita 3. Jike mkubwa hupita mita 5, na kumbeba kwahitaji watu kadhaa. Humeza sungura mzima, kisha hukaa wiki nyingi bila kula. La ajabu zaidi ni moyo wake: baada ya mlo mkubwa, misuli ya moyo huo huweza kuongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili! Huishi zaidi ya miaka 20. Huko Florida, Marekani, chatu waliotoroka au kutupwa na wafugaji wamezaliana katika vinamasi vya Everglades na kupunguza mno wanyama wadogo. Mwaka 2012 Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza chatu hao nchini.