RDC: Somo la kuweka akiba linagonga mlango wa watu waliokwisha kupoteza

Kila tarehe 31 Oktoba dunia inaadhimisha siku ya akiba, iliyoamuliwa mjini Milano, Italia, mwaka wa 1924. Nchini Congo, Banki kuu, BCC kwa kifupi, inatumia siku hiyo kuhimiza wakaaji, vijana kwanza, waweke feza zao kwenye banki ao coopec.

Somo ni zuri, lakini wanaolisikia wana kumbukumbu. Mwaka wa 1991, mchezo wa Bindo, uliolipa watu wa kwanza kwa feza za waliofuata, ulianguka Kinshasa na kumeza akiba za familia nyingi. Mwaka wa 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Mwaka wa 2016, wateja wa banki ya BIAC walipanga mistari bila kupata feza zao zote. Na mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoingia Goma na Bukavu, mabanki yalifunga milango. Wenye konti wakabaki kutegemea simu, wakikatwa kila mara wanapotoa feza.

Ndiyo maana wauzaji wengi wa Kivu wanaamini AVEC kuliko banki. Humo mambo yako wazi: wanachama 15 hadi 25 wanaojuana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wote. Mwisho wa mwaka kila mtu anagawiwa kulingana na alichoweka. Elimu ya feza iko pale tayari, tena kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha mikataba.

Kinachobaki kufundishwa ni mkopo. Ukiambiwa «asilimia 5», uliza: kwa mwezi ao kwa mwaka? Kwa dola 100 za miezi 10, asilimia 5 kwa mwezi juu ya deni la mwanzo ni dola 50 za kuongeza. Kwa mwaka, ni kama dola 4. Uliza pia kama deni ni la dola, maana anayeuza kwa franka anaumia dola ikipanda. Na kabla ya kuweka feza popote, hakikisha taasisi ina ruhusa ya BCC.

Hiyo ni kazi ya mwananchi. Kazi ya serikali ni nzito zaidi: kusimamia taasisi hizo ili mwenye konti apate feza zake siku anapozihitaji. Bila hiyo, sanduku la kufuli tatu litaendelea kushinda banki.